Allsvenskan maana yake nini hasa?

Oktoba 2025, Mjällby AIF, klabu ndogo inayocheza mechi zake za nyumbani katika kijiji cha wavuvi cha Hällevik, kusini mwa Uswidi, ilitwaa ubingwa wa nchi hiyo kwa mara ya kwanza katika historia yake. Habari hiyo ilifika hata kwetu, na redioni nikamsikia mtangazaji akieleza kwamba Mjällby wameshinda Ligi Daraja la Kwanza ya Allsvenskan, msimu wa 2025/26, na kuwavua taji Malmö FF, mabingwa wa Uswidi mara 27. Sentensi moja, makosa matatu. Ningeyaacha yapite kama nilivyoyaacha mara nyingi kijiweni, hasa miezi ya Juni na Julai ambapo ligi nyingi za Ulaya huwa mapumzikoni na wenye mikeka yao huhamia Skandinavia; lakini neno hili limeshazoeleka mno miongoni mwetu, na si vyema liendelee kutumiwa kwa kubahatisha.

Allsvenskan ni ligi ya juu kabisa ya soka ya wanaume nchini Uswidi. Ilianza msimu wa 1924/25 ikiwa na timu 12, na tangu 2008 ina timu 16, kila moja ikicheza mechi 30. Mbili za mkiani hushuka moja kwa moja, na ile iliyo juu yao hucheza mchujo ili kuokoa nafasi yake. Kwa maana ya neno, hayo yanatosha. Penye utata ni kwenye jina lenyewe.

Kwa Kiswidi, «all» ni -ote, na «svensk» ni -a Kiswidi. Jina refu lilikuwa «allsvenska serien», yaani mfululizo wa mechi wa Uswidi nzima, na midomo ya watu ikalifupisha likawa «allsvenskan». Ile herufi n ya mwisho, ambayo wengi huiona kama pambo, ina kazi yake: Waswidi huonyesha kwamba kitu ni mahususi kwa kuambatisha kiambishi mwishoni mwa jina, pale ambapo sisi tungesema «ile». Kwa hiyo Allsvenskan, ikitafsiriwa neno kwa neno, ni «ile ya Uswidi nzima», na ligi imo ndani yake ingawa haitajwi. Anayesema «Ligi ya Allsvenskan» anasema «ligi ya ile ligi ya Uswidi nzima». Kosa hili si kubwa, na mimi mwenyewe humsamehe anayelisema kwa ajili ya kumsaidia msikilizaji asiyelijua jina hilo.

Ninachoomba kiangaliwe ni kwamba hakuna popote katika jina hilo panapotajwa ukuu, daraja, wala ubora. Linataja upana wa nchi, basi. Ushahidi wake ni rahisi: Waswidi wanalitumia jina hilohilo katika michezo mingine, na huko halimaanishi ligi ya juu. Katika magongo ya barafuni, HockeyAllsvenskan ni ligi ya pili, chini ya SHL, ligi kuu ya mchezo huo. Katika mpira wa mikono vilevile, Allsvenskan yao iko ngazi ya pili. Katika soka ya wanawake, kwa upande mwingine, Damallsvenskan ndiyo ya juu kabisa, na «dam» humo ni bibi tu. Mtu aliyejifundisha kwamba Allsvenskan ni neno la Kiswidi la «ligi kuu» atashangaa sana siku atakapofungua matokeo ya magongo. (Na hata huo upana una historia yenye doa: hadi miaka ya 1950, klabu nyingi za Norrland, eneo kubwa la kaskazini lenye baridi kali na safari ndefu, hazikuruhusiwa kushiriki katika ligi za kitaifa. Uswidi nzima ilikuwa, kwa muda mrefu, Uswidi isiyo nzima.)

Sasa turudi kwenye «Daraja la Kwanza», kosa linaloniudhi kuliko jingine kwa sababu linaonekana la busara. Tanzania, Ligi Daraja la Kwanza lilikuwa jina la ligi iliyo chini ya Ligi Kuu, kabla haijaanza kuitwa Championship. Hivyo msikilizaji wa Tanzania akiambiwa kwamba timu fulani inacheza Daraja la Kwanza Uswidi, ana kila haki ya kudhani kwamba inapigania kupanda. Kwa Waswidi wenyewe mkanganyiko ni mkubwa zaidi, maana hilo «daraja la kwanza» lao limekuwa likishuka ngazi. Kuanzia 1987 hadi 1999, ligi iliyoitwa Division 1 ilikuwa ya pili kutoka juu. Mwaka 2000 nafasi hiyo ikachukuliwa na Superettan, na Division 1 iliporudi mwaka 2006 ilikuwa ngazi ya tatu, ambayo leo inaitwa Ettan. Ettan maana yake ni «ile namba moja», na Superettan ni «ile namba moja kabambe». Kwa hiyo nchini Uswidi namba moja ni ya tatu, namba moja kabambe ni ya pili, na ile ya kwanza haina namba yoyote katika jina lake. Mwenye kuhesabu kwa majina atapotea.

Kosa la msimu nitalipitia kwa haraka. Zamani ligi hii ilichezwa kuanzia vuli hadi majira ya kuchipua, ikisimama wakati wa baridi, na ndiyo sababu tunaandika 1924/25. Uamuzi wa kuhama ulipofanywa, msimu ulioanza 1957 ulirefushwa hadi vuli ya 1958, kila timu ikacheza mechi 33 badala ya 22, na tangu 1959 msimu huanza na kumalizika ndani ya mwaka mmoja wa kalenda, takriban Aprili hadi Novemba, kwa sababu ambayo yeyote aliyewahi kuona theluji juu ya uwanja hahitaji kuelezwa. Michael Olunga, Mkenya aliyefunga mabao 12 akiwa Djurgården, aliyafunga msimu wa 2016. Hakuna msimu wa 2016/17 huko, na hakuna wa 2025/26.

Limebaki la Malmö na mara zao 27, na hapa hata baadhi ya magazeti makini huteleza. Kushinda Allsvenskan na kuwa bingwa wa Uswidi ni mambo mawili ambayo leo yanakwenda pamoja, lakini hayakwenda pamoja siku zote. Ubingwa ulikuwepo kabla ya ligi hii, ukishindaniwa kwa mtindo wa mtoano tangu 1896. Msimu wa kwanza kabisa wa Allsvenskan ulishindwa na GAIS ya Göteborg, ilhali bingwa wa Uswidi wa 1925 alikuwa Brynäs. Baada ya hapo mtoano ukafa, na kwa miaka mitano mshindi wa ligi hakupewa jina la bingwa hata kidogo. Ni kuanzia 1931 ndipo aliyeongoza ligi alipotambuliwa kuwa bingwa wa nchi.

Mambo yakatulia kwa nusu karne, kisha yakavurugwa tena. Kuanzia 1982 hadi 1990 timu za juu zilicheza mchujo baada ya ligi kumalizika, na mshindi wa mchujo ndiye aliyekuwa bingwa. Mwaka 1991 na 1992 mchujo huo ukapewa sura ya ligi ndogo ya mabingwa. Malmö walioongoza Allsvenskan mara tano mfululizo, kuanzia 1985 hadi 1989, waliondoka na ubingwa mara mbili tu, 1986 na 1988. IFK Norrköping walionja pande zote mbili: mwaka 1989 walikuwa mabingwa bila kuongoza ligi, wakiwapokonya Malmö haohao, na mwaka 1992 waliongoza ligi, ubingwa ukaenda kwa AIK. Kuanzia 1993 utaratibu wa zamani ukarudishwa, na jedwali likawa ndilo la mwisho.

Ndiyo maana hesabu za Malmö ziko mbili, na zote ni sahihi mahali pake: hadi mwisho wa 2024 walikuwa wameshinda Allsvenskan mara 27 na ubingwa wa Uswidi mara 24. Zile tatu zinazopungua ni za 1985, 1987 na 1989.

Mtangazaji wangu, basi, angeweza kusema kwamba Mjällby wametwaa Allsvenskan ya 2025, na kuwavua taji Malmö, walioishinda ligi hiyo mara 27. Maneno ni yaleyale karibu yote. Angeondoa «daraja», angeondoa alama ya mkwaju (/) na ile 26, na neno «mabingwa» angeliweka akiba kwa ile hesabu ya 24.