Epoksi ya boti isiingie kwenye injini ya ndege

Hapa Mwanza ukiulizia resini, ile gundi ya maji inayoganda na kushika faiba, cha kwanza kuletewa ni ile ya boti: poliesta ya kutandikia faiba, au epoksi inayoganda yenyewe bila kupashwa moto. Majini hazina shida. Lakini anayejijengea ndege asiunde nazo kiwiko, yaani bomba la kona, cha kuingizia hewa kwenye injini, hata kama kopo limeandikwa kwamba inahimili joto.

Ulizia Tg. Hiyo ni nyuzijoto ambayo resini iliyokwisha kuganda huacha ugumu wake na kuanza kulegea kama mpira. Haiungui wala haitoi moshi, hivyo rubani haoni dalili. Injini inavuta hewa, kiwiko kilicholegea kinabonyea kwa ndani, njia inaziba, nguvu inakatika.

Wengi hupotea hapa: Tg haitoki kwenye kopo peke yake, inategemea umegandisha kwa joto gani. Epoksi nyingi zilizoachwa zigande kwenye karakana yenye nyuzi 28 huishia Tg ya 50 au 60 hivi, hata kama karatasi ya kiwanda inasema 120. Ile 120 inapatikana kwa kuoka: joto linapandishwa polepole, kwa hatua, saa kadhaa, kipande kikiwa bado kwenye moldi. Ukiharakisha, kinalainika kabla hakijakaza na umbo linaharibika. Kama huna oveni ya kufikia joto hilo, usiinunue resini hiyo.

Kwenye injini nyingi za Lycoming, zinazofungwa kwenye ndege ndogo, kikomo cha joto cha kichwa cha silinda ni nyuzi 260 na cha oili ni 118. Moshi unaotoka unapita 700. Kwa hiyo karibu na bomba la moshi hakuna epoksi ya kukaa bila ngao ya chuma na nafasi ya hewa. Pima joto la mahali penyewe, na upime pia baada ya kuzima injini, maana upepo ukikoma joto hupanda chini ya kifuniko cha injini. Mimi nataka Tg izidi kipimo hicho kwa nyuzi 30 angalau. Faiba ya kaboni haikuokoi: nyuzi zake hazilegei, resini inayozishika ndiyo inayolegea. Na unyevu wa ziwani ukishaingia ndani ya resini, Tg inashuka zaidi.

Kwa kila mchanganyiko tengeneza kipande cha pembeni, chembamba kama rula, kilichookwa pamoja na kazi yenyewe. Kibane upande mmoja ndani ya oveni, upande wa pili ning'iniza nati nzito, kisha pandisha joto nyuzi tano tano ukitazama ncha. Ikianza kuinama, andika kipimo. Kikiwa chini ya ulichokihitaji, kiwiko kile hakifungwi kwenye ndege.

Bawa nalo lina hesabu yake. Burt Rutan, mbunifu wa ndege wa Marekani, alitaka ndege zake za faiba na povu, kama Long-EZ, zipakwe rangi nyeupe, kwa sababu jua peke yake linatosha kuipasha rangi nyeusi hadi epoksi ya kawaida ikalegea.