Dawa mpya haijamkataa: ya zamani iliondolewa ghafla

“Dawa mpya imemkataa.” Kauli hii imesikika mno kwenye kliniki za afya ya akili hapa Mwanza, na mara nyingi si kweli. Mgonjwa wa skizofrenia, ugonjwa wa akili ambao mtu huweza kusikia sauti zisizokuwepo, ametumia dawa ya zamani, klopromazini, kwa miaka, anaandikiwa mpya, risperidoni, na jioni ileile ndugu wanatupa vidonge vya zamani. Siku ya nne halali, anatoka jasho, anatapika, pengine sauti zimeanza kurudi. Lawama zote zinabebeshwa risperidoni, wakati mwili unalalamikia klopromazini uliyonyang'anywa.

Klopromazini huzuia kemikali za ubongo: dopamini, na pia histamini na asetilikolini. Ubongo ukishaizoea, ukiiondoa kwa siku moja mifumo hiyo yote hufumuka pamoja: usingizi unapotea, tumbo linachafuka. Ndiyo maana dawa hupishana. Mfano kwa anayemeza miligramu 200 usiku: wiki ya kwanza abaki na 200, aongezewe risperidoni 2. Wiki ya pili klopromazini 100, risperidoni 4. Wiki ya tatu 50, ya nne 25, kisha basi. Aliyetumia dozi kubwa au miaka mingi ashushwe taratibu zaidi, na hesabu hiyo aipange mtaalamu anayeandika dawa, si jirani.

Ndugu huogopa kwamba dawa mbili pamoja zitamlevya. Usingizi unaweza kuongezeka, ndiyo, lakini ni kwa wiki chache. Linalonisumbua zaidi ni kukwama katikati: wiki ya pili mgonjwa ametulia, hakuna anayemalizia kupunguza, anabaki na dawa mbili miaka yote. Andikeni tarehe ya kidonge cha mwisho kwenye daftari la kliniki, siku ileile ya kuanza. Kama dawa ya zamani ni haloperidoli, benzheksoli, kidonge cha kuzuia misuli kukakamaa, isikatwe nayo. Iendelee wiki moja au mbili, la sivyo shingo itakakamaa na mikono itetemeke.

“Wiki mbili hazijasaidia, badilisheni.” Hapana. Dozi ya kutosha, imezwe kila siku, wiki nne hadi sita, ndipo tuhukumu.

“Mpya ndiyo bora.” Olanzapini, mojawapo ya dawa mpya, hunenepesha na kupandisha sukari. Pima uzito na sukari kabla ya kuanza, rudia baada ya miezi mitatu.

“Sindano ikisimama, dawa imeisha mwilini.” Flufenazini, dawa ya skizofrenia ya sindano, hubaki kwa wiki nyingi. Kwa hiyo vidonge vipya huanza siku ambayo sindano ijayo ingechomwa, na asiyevimeza anaweza kuonekana mzima kwa miezi kabla ugonjwa haujarudi. Huko si kupona.

Kwa wavuvi wa dagaa, “kunywa usiku” ni maelekezo mabaya. Usiku ndio wako ziwani na karabai, na mwenye usingizi huanguka majini. Wameze asubuhi wakirudi, kabla ya kulala. Na mabadiliko yaanze wakati wa mbalamwezi, mitumbwi ikiwa imepumzika.

Jambo moja halisubiri kliniki: homa kali, misuli iliyokakamaa kama ubao na kuchanganyikiwa, katika siku au wiki za kubadilisha dawa. Huku kwetu kila homa huitwa malaria. Hii inaweza kutokana na dawa: zisimamisheni, mpelekeni hospitali usiku huohuo, na mbebe vidonge vyote, vya zamani na vipya, daktari avione.