Kampaundi asilia mpya ni nini? Mfano wa kuvu ya jangwani

Msimu wa mvua hapa Bukavu, mkate ukisahauliwa kwenye mfuko siku nne, utaukuta umeota vidoa vya kijani. Hiyo ni kuvu (kuvu, si ziwa letu la Kivu, ingawa unyevunyevu wetu unaipendeza sana). Ndani ya vile vidoa hutengenezwa kemikali ambazo nyingine hazihusiki na kukua kwake. Ni silaha za kufukuza bakteria, au kinga ya kuvumilia mazingira magumu. Kemikali ya namna hiyo inayotoka kwa kiumbe hai ndiyo huitwa kampaundi asilia. Penisilini, aliyoigundua Alexander Fleming mjini London mwaka 1928, ni mojawapo.

Neno “mpya” ndilo linalochanganya watu. Huenda kuvu imeitengeneza kampaundi hiyo miaka maelfu. Ni mpya kwa sababu hakuna aliyewahi kuandika jinsi atomu zake zilivyoungana. Ndiyo maana mtafiti huanza kwa kuilinganisha na zile zilizokwisha kuandikwa, na mara nyingi anagundua kwamba amehangaika na kitu kinachojulikana zamani.

Mfano ninaoupenda unatoka jangwa la Sonora, huko Marekani. Watafiti wa Arizona walichukua kuvu iitwayo Paraphaeosphaeria quadriseptata kwenye udongo unaozunguka mizizi ya dungusi kakati, mmea wa miiba wa jangwani. Walipoikuza kwenye chakula kilichoandaliwa kwa maji ya bomba, ilitoa hasa monosilini I, ambayo tayari ilijulikana. Kisha wakatumia maji yaliyokenekwa, yaani mvuke uliopozwa ukawa maji matupu. Kuvu ileile ikatoa kampaundi 6 mpya! Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2007. Sisi hapa tunabishana kama chai ya maji ya mvua ni tamu kuliko ya robine, yaani ya bomba. Kumbe kuvu nayo inaonja.

Hata ile monosilini ya zamani haikuwa ya kudharauliwa. Inabana protini iitwayo HSP90, inayosaidia protini nyingine kukaa katika umbo lake. Kubanwa huko huamsha kinga ya mmea dhidi ya joto, na katika majaribio mmea mdogo uliokuzwa pamoja na kuvu hiyo ulistahimili joto zaidi. Seli za saratani nazo huitegemea sana protini hiyohiyo, ndiyo maana watafiti wa saratani wanachimbua mizizi ya jangwani. Lakini monosilini bado si dawa. Usiende kuiulizia famasi.