Video inakatakata kwenye laptop ya zamani? Subiri kwanza kabla hujanunua bando

DHANA: Ni mtandao tu huo, weka bando kubwa.
UKWELI: Sikiliza sauti kwanza. Mtandao ukiwa mdogo vyote vinasimama, picha na sauti, na kale kaduara kanazunguka. Ila kama sauti inaenda freshi na picha ndo inarukaruka, mara nyingi mashine ndo inazidiwa, na YouTube wenyewe wanasema 1080p inataka Mbps 5 hivi, sasa mwenye 20 anaongeza bando la nini? Bonyeza kitufe cha kulia cha mausi juu ya video, chagua mstari wa chini kabisa, Stats for nerds, ukiona hesabu ya fremu zilizodondoka (dropped frames, picha moja moja za video zilizorukwa) inapanda tu ujue ndo hapo.

DHANA: Basi mashine imekwisha, uza.
UKWELI: Hapana jamani, na hii inaniuma kwa sababu watu wanatupa mashine nzima! Siku hizi YouTube inatuma video nyingi kwa VP9 au AV1, kodeki, yaani njia za kubana video, zinazobana data vizuri lakini nzito kufungua. Zile ThinkPad na EliteBook za mtumba za 2011 mpaka 2013, chipu yake ya grafiki inajua H.264, kodeki ya zamani zaidi, VP9 haijui, kwa hiyo kazi yote inaangukia prosesa, feni inalia, picha inakwama. Intel waliweka VP9 kamili kwenye chipu kuanzia kizazi cha 7, mwaka 2016. Weka h264ify kwenye brauza, ni extension, kaprogramu ka kuongezea brauza, ya bure, inailazimisha YouTube ikutumie H.264. Itakula data zaidi kidogo na mwisho wake ni 1080p, lakini kioo chenyewe mara nyingi ni 1366 kwa 768, 720p inakutosha kabisa. Ukiona 720p60 iepuke pia, fremu kwa sekunde ni mara mbili ya zile 30 za kawaida.

DHANA: Ongeza RAM.
UKWELI: Inasaidia kama matabu yameijaza, kufungua video sio kazi yake.

DHANA: Zima hardware acceleration kwenye Chrome, ile setingi inayoipa chipu ya grafiki kazi ya video.
UKWELI: Zima kama draiva ni mbovu na picha inakuwa ya kijani au nyeusi, vinginevyo iache, bila hiyo hata H.264 inarudi kwa prosesa na faida kubwa ya h264ify inapotea.

Na kama video inaanza vizuri halafu baada ya muda ndo inaanza kukwama, mara nyingi hilo ni joto, mpelekee fundi apulize vumbi kwenye feni na abadilishe pesti ya prosesa, ile ya kupitisha joto.