Kishikwambi kimoja kwa watu watatu

Chuo kikipata vishikwambi, hesabu ya kwanza ni ya kugawa: vifaa vingapi, wanafunzi wangapi. Isipotoka kimoja kwa kila mtu, watu wanaguna. Kwa masomo mengi wana haki ya kuguna. Mimi nafundisha mazungumzo ya Kiingereza kwa mwaka wa kwanza hapa Mtwara, na kwa somo langu kimoja kwa kila mtu ndiyo njia ya haraka ya kulinyamazisha darasa. Kila mmoja anainamia kioo chake, shingo zimepinda, vidole vinateleza, na ukipita mlangoni utadhani kuna mtihani. Nikipewa kuchagua, nachukua kimoja kwa watu watatu, na muda mwingi wa kipindi nataka kilale kifudifudi mezani kikirekodi.

Sababu ni ya hesabu tu. Chukua darasa la wanafunzi 60 na kipindi cha dakika 60. Mwalimu akisimama mbele na kuuliza mmoja mmoja, kila mwanafunzi anapata dakika moja ya kuongea, tena kama mwalimu mwenyewe hatafungua mdomo. Na mwalimu gani asiyefungua mdomo? Wagawe watatu watatu, makundi yote yaongee kwa wakati mmoja, kila mmoja anakaribia dakika 20. Hapo ndipo linapozaliwa tatizo la pili: makundi 20 yanaongea na masikio ya mwalimu ni mawili. Ukikaa na kundi moja, mengine 19 yanahamia Kiswahili taratibu, na huwezi kuwalaumu, nani atajua? Rekodi inaziba pengo hilo. Kundi likijua kwamba linasikilizwa, hata kama atakayesikiliza ni wao wenyewe baada ya robo saa, halikimbilii Kiswahili upesi.

Wanafunzi tunaowapokea si kwamba Kiingereza hawakijui. Wengi wamesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza hadi cha sita kwa Kiingereza, angalau kwenye karatasi. Insha wanaandika, mitihani wamefaulu, na sarufi wanaijua kuliko wanavyodhani. Ila wengi hawajawahi kuongea Kiingereza dakika mbili mfululizo bila kukatizwa. Shuleni jibu lilikuwa sentensi moja, ukimaliza unakaa. Nyumbani ni Kimakonde, Kimwera au Kiyao, mtaani Kiswahili, na Kiingereza kinabaki kuwa lugha ya daftari. Kinachowapungukia ni dakika za mdomo. Kifaa kisichoongeza dakika hizo, kwangu ni pambo.

Zoezi ninalolitegemea kuliko yote ni lile la nne-tatu-mbili, ambalo Paul Nation wa New Zealand aliliandika mwaka 1989 na walimu wa lugha wamelitumia tangu hapo. Mtu anaeleza jambo moja kwa dakika nne. Anahama, anamweleza mtu mwingine jambo lile lile kwa dakika tatu. Anahama tena, dakika mbili. Msikilizaji lazima awe mpya kila mara. Ukimrudia yule yule, yeye anachoka na wewe unaanza kuruka vitu kwa kuwa anavijua. Kwenye kundi la watatu mpango ni mwepesi: mmoja anahama na kishikwambi, wawili wanabaki kumpokea mgeni wa kundi la jirani. Kishikwambi kinashika saa na kinarekodi mizunguko yote mitatu. Zamu zikiisha, watu wote watatu wamezunguka na kipindi bado kina nafasi ya kusikiliza.

Mada iwe ya kwao. Muhula wa kwanza huangukia msimu wa korosho, na kijana mmoja wa Masasi aliamua kueleza stakabadhi ghalani, ule mfumo ambao mkulima anapeleka mazao kwenye chama chake cha ushirika, AMCOS, anapewa stakabadhi na kusubiri mnada. Mzunguko wa kwanza ulikuwa hivi, nimeunukuu kutoka kwenye rekodi: "The farmer, he take… he take the korosho to the… to the… aah… to the AMCOS." Kimya. Mtu anakohoa. "And then they… kupima." Mzunguko wa tatu, kwa watu wawili aliokuwa hajawahi kuongea nao, alisema: "The farmer takes the cashews to the AMCOS, they weigh them and give him a paper, then he waits for the auction." Hakuna aliyemfundisha neno lolote katikati. Msikilizaji wa mzunguko wa pili alimuuliza "weigh?" kwa kushangaa, naye akalidaka neno hilo akaondoka nalo. Kiingereza chote alikuwa nacho, kilikuwa hakijatafutiwa njia ya kutokea.

Kuna swali kama wepesi huo unadumu au ni wa siku ile tu. Nivja de Jong na Charles Perfetti walilichunguza zoezi hili kwa wanafunzi wa Kiingereza nchini Marekani, wakachapisha mwaka 2011. Waliorudia mada moja katika mizunguko yote walibaki na wepesi wao hata walipopewa mada mpya baadaye. Waliobadilishiwa mada kila mzunguko waliharakisha wakati wa mazoezi, kisha wakarudi walipokuwa. Kwa hiyo mwanafunzi akilalamika kwamba anachoka kurudia, namwacha alalamike, na korosho zinaelezwa mara ya tatu.

Zoezi hili lina ubaya wake. Makosa ya mzunguko wa kwanza hurudi kwenye wa tatu, safari hii kwa kasi zaidi. Hapo ndipo rekodi inapofanya kazi ambayo mimi mwenyewe siiwezi. Roy Lyster na Leila Ranta, katika utafiti wao wa 1997 kwenye madarasa ya Kifaransa nchini Kanada, waliona kwamba zaidi ya nusu ya masahihisho ya walimu yalikuwa ya aina moja: mwanafunzi anakosea, mwalimu anairudia sentensi ikiwa sahihi, maneno yanaendelea. Na aina hiyo ndiyo iliyoongoza kwa kupita bila mwanafunzi kuitikia. Sisi walimu tunaipenda kwa kuwa ina adabu, haimwaibishi mtu. Lakini mwanafunzi anayehangaika kumaliza sentensi hana nafasi kichwani ya kugundua kwamba umembadilishia kitenzi.

Badala yake, baada ya mizunguko kila mmoja anachagua dakika moja ya rekodi yake na kuinukuu kwa kalamu, neno kwa neno, na kila "aah" iandikwe, kila Kiswahili kilichoponyoka kiandikwe. Dakika moja inakula dakika kumi na zaidi za kunukuu. Kisha anachukua kalamu ya rangi nyingine na kusahihisha mwenyewe kabla sijagusa chochote. Binti mmoja wa Newala alikuwa anaeleza jinsi mama yake anavyoendesha kibanda cha chakula. Akafika mstari wa tatu wa nukuu yake, akavua hedifoni, akarudisha nyuma, akasikiliza tena, akacheka peke yake hadi wenzake wakageuka. Mama yake alikuwa "he" mwanzo hadi mwisho. Kanuni ya "he" na "she" ameijua tangu kidato cha kwanza na kwenye karatasi hakosei; mdomo wake ulikuwa haujapata habari. Alizungushia kila "he" duara jekundu, na mzunguko uliofuata ungesikia anavyosita nukta moja kabla ya kila kiwakilishi. Kusita kwa namna hiyo nakufurahia.

Upande wa matamshi, kishikwambi kina faida moja kubwa na mtego mmoja mkubwa. Faida ni kupunguza kasi. Kiswahili kina irabu tano, Kiingereza cha Uingereza kina zaidi ya mara mbili ya hizo, kwa hiyo "ship" na "sheep" zinafika sikioni zikiwa kitu kimoja. Silabi zetu nyingi zinaishia na irabu, ndiyo maana "school" inaongezewa irabu huku na huku. Mkazo wetu unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, wao wanauhamisha watakavyo. Na wapo wenzetu ambao "r" na "l" zinabadilishana viti bila taarifa. Mwanafunzi akisikia mfano kwa robo tatu ya kasi, akajirekodi, akaweka viwili hivyo sambamba, anasikia tofauti ambayo darasani ingempita.

Mtego ni ile maikrofoni ndogo ya kuandika kwa sauti. Wanafunzi wanaipenda: unaongea, maneno yanajitokeza, yakikosewa unaambiwa umetamka vibaya. Nani kasema? Mwaka 2020 Allison Koenecke na wenzake walipima mifumo ya kampuni tano, Amazon, Apple, Google, IBM na Microsoft, kwa sauti za Wamarekani waliozaliwa na Kiingereza. Kwa Wamarekani weupe mifumo ilikosea takriban maneno 19 katika kila 100. Kwa Wamarekani weusi, 35. Hao lugha ni yao tangu utotoni. Sasa mtoto wa Nanyamba aambiwe na mashine ya aina hiyo kwamba hajui kutamka? Kwangu kipimo ni mwenzake wa kundi jirani: ameelewa mara ya kwanza au ameomba kurudiwa? Wateja wa Kiingereza cha hapa ni mnunuzi wa korosho kutoka India, fundi wa gesi, mtalii anayeshuka Mikindani, na kwa wengi wao nacho ni lugha ya kujifunza.

Kioo nakiruhusu kiangalie juu kwa zoezi moja tu, la picha. Mmoja anaiona, wawili hawaioni, anawaeleza wao wanachora. Nimetumia sana picha ya Giraffatitan, dinosaria aliyechimbwa Tendaguru mkoani Lindi na Wajerumani kati ya 1909 na 1913. Wapagazi waliibeba mifupa kwa miguu hadi bandari ya Lindi, na leo amesimamishwa kwenye jumba la makumbusho Berlin, kimo chake kikipita mita 13. Michoro inatoka vituko vitupu. Kisha nauliza: arudi au abaki? Hapo hakuna anayekumbuka kuogopa Kiingereza. Wa Lindi wanataka mnyama wao, wa Mtwara wanauliza jengo la kumweka liko wapi, na rekodi za siku hiyo zina maneno juu ya maneno, ambayo ndiyo mazungumzo yenyewe.

Sasa ya mikono. Intaneti usiitegemee kabisa. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilipokatika, nchi nzima ilihangaika, ila rekodi ya darasani haihitaji mtandao wowote. Weka kifaa kwenye hali ya ndegeni kabla ya kugawa. Inazuia WhatsApp na inaokoa chaji. Rekodi kwa chaneli moja, kilobiti 64 kwa sekunde: dakika moja haifiki nusu megabaiti, dakika 20 haifiki 10, na makundi 20 yote yanaingia kwenye megabaiti 200. Ukiuacha mpangilio ubaki kwenye sauti ya stereo isiyobanwa, kundi moja peke yake linakula megabaiti 200. Faili zihamishwe kwa memori kadi au bluetooth. Feni zizimwe, joto litavumilika. Mvua ikipiga bati hakuna maikrofoni itakayoshinda, sogea kwenye veranda au ahirisha kurekodi. Na usikubali kesi laini za mapambo zinazofunika tundu la maikrofoni. Nusu ya "mashine mbovu" ninazoletewa ni kesi.

Sauti ya mtu ni taarifa yake binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, kwa hiyo mwanzo wa muhula kila mwanafunzi anasaini ridhaa, imeandikwa kwa Kiswahili, ikisema rekodi ni za nini, nani atazisikia na zitafutwa lini. Asiyetaka anafanya mazoezi yale yale, na mwenzake anamwandikia alichosikia. Sheria isingekuwepo ningefanya hivyo hivyo. Kipande cha mtu anayegugumia kikishaingia kwenye kundi la WhatsApp la kozi na vicheko vikaanza, huyo hataongea tena darasani kwako, na waliocheka wataongea kidogo kuliko mwanzo kwa kuogopa zamu yao.

Alama natoa kwa rekodi mbili tu, ya mwanzo wa muhula na ya mwisho, mada moja, dakika mbili kila moja. Nahesabu maneno kwa dakika, nahesabu vimya virefu, naangalia kosa moja ambalo mwanafunzi mwenyewe alilichagua kulifuatilia. Akija ofisini kulalamikia alama, hatubishani: tunavaa hedifoni, yeye upande mmoja mimi upande mwingine, tunazisikiliza zote mbili, na mara nyingi yeye ndiye anayeonyesha kosa nililokuwa sijaliona.