Kabla hujamchukua mbwa mwenye kifafa

Mama mmoja wa Goba alikuja kliniki Jumamosi kumchukua Bobi, mbwa koko aliyeokotwa na wasamaria kando ya barabara. Alishanunua mnyororo na bakuli. Nikamuuliza, "Mama, saa moja jioni huwa uko wapi?"

"Daktari, saa moja mimi niko kwenye foleni, pengine hata Mwenge sijavuka."

Niliuliza kwa sababu Bobi ana kifafa. Anameza fenobabito, dawa ya kuzuia degedege, kila baada ya saa 12, kila siku, na huenda ikawa maisha yake yote. Kwa saa zetu hesabu ni nyepesi: ukimpa kidonge saa moja asubuhi, kingine ni saa moja usiku. Ugumu uko barabarani. Tulikaa na yule mama tukapanga mpaka tukaipata saa kumi na moja. Alfajiri anampa yeye kabla hajatoka, jioni anampa kijana wake wa kidato cha pili akirudi shule.

Dawa hii haiachwi ghafla. Ikikuishia ukakaa siku mbili bila kumpa, degedege linaweza kurudi kwa nguvu kuliko lile la kwanza. Inauzwa kwa cheti cha daktari, kwa hiyo anza kuitafuta nyingine ukiwa bado na vidonge vya wiki mbili. Siku za mwanzo mbwa atasinzia, atayumba, atakunywa maji na kukojoa kuliko kawaida, na atakuomba chakula kama aliyeshinda njaa. Usimuongezee, atanenepa. Damu yake ipimwe walau kila miezi 6, maana dawa hii inaweza kuumiza ini.

Kidonge kifiche ndani ya tonge dogo la ugali lenye mchuzi wa dagaa. Kama dada anayekusaidia nyumbani ni Mwislamu na hapendi kuguswa na mate ya mbwa, usimlazimishe. Aweke tonge kwenye bakuli, asimame pembeni mpaka aone limemezwa.

Sasa jambo linalonikosesha usingizi: majirani. Mbwa anaanguka, miguu inapiga kama anaogelea, povu linamtoka, anajikojolea. Mtu akichungulia getini atapiga kelele kwamba ana kichaa, na mawe yatafuata. Siwalaumu, kichaa cha mbwa kinaua watu nchini kwetu. Lakini tofauti ipo. Mwenye kifafa huzinduka, akahangaika dakika kadhaa au saa kadhaa, kisha akarudi kuwa yule yule. Mwenye kichaa huzidi kuharibika, na kwa kawaida hufa ndani ya siku 10 tangu dalili zianze.

Ndiyo maana mbwa wa mtaani asiyejulikana chanjo zake, akionekana ana degedege, simkabidhi kwa mtu mara moja. Anatengwa, anaangaliwa, hashikwi kwa mikono mitupu. Tunatafuta pia sumu, ugonjwa wa distempa na magonjwa ya kupe. Bobi alipita yote hayo ndipo nikaandika "kifafa" kwenye kadi yake. Ukimpeleka nyumbani, chanjo ya kichaa ifuate tarehe zake, na kadi uwaonyeshe majirani na mjumbe wa shina mapema, kabla hajaanguka mbele yao. Na mbwa yeyote akikung'ata, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Degedege likianza, sogeza viti, zima redio, tazama saa. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni. Mbwa hamezi ulimi wake, ila anaweza kukung'ata bila kujua. Likipita dakika 5, au yakija mawili ndani ya siku moja, mlete usiku huo huo. Ukiweza, mrekodi kwa simu. Video ya nusu dakika hunisaidia kuliko maelezo ya saa nzima.

Juzi yule mama alinitumia yake. Bobi amelala ubavu sakafuni, miguu inapunguza kasi, halafu anainua kichwa na kuyumba kuelekea kwenye maji. Kijana haonekani, ila sauti yake inasikika taratibu: "Hamsini na nane, hamsini na tisa, sitini. Mama, ameamka."