Oltaneta ya lori kuukuu la jeshi: yanayosemwa gereji na ukweli wake

Familia ya malori ya M35 ilianza kuundwa Marekani mwaka 1950 kwa ajili ya jeshi, kubeba tani mbili na nusu porini. Toleo la M35A2, lenye injini ya silinda sita ya lita 7.8 inayounguza mafuta ya aina mbalimbali, liliuzwa kwa raia kwa minada baada ya jeshi kuachana nalo, na hadi leo malori hayo yanafanya kazi mashambani na mikononi mwa watu wanaoyapenda. Umeme wake ni wa volti 24: betri mbili za volti 12 zilizofungwa mfululizo. Fundi aliyezoea Scania au Fuso hawezi kuliogopa.

Hata hivyo oltaneta za malori haya, yaani mashine zinazozungushwa na injini kuzalisha umeme na kuchaji betri, zinang'olewa zikiwa nzima, na hilo linaniuma. Vipuri vya magari ya umri huu vinazidi kuadimika. Oltaneta nzima ikitupwa kwa sababu ya waya mmoja uliooza, kuna mtu mwingine mahali fulani atakayeitafuta asiipate. Kisa chenyewe ni maneno yanayorithishwa gereji hadi gereji bila mtu kuyapima kwa mita.

"Sindano imeshuka, basi oltaneta imekufa"

Geji ya betri kwenye dashibodi ya M35A2 haionyeshi ampia. Inaonyesha volti kwa rangi: nyekundu, njano, kijani, halafu nyekundu tena upande wa pili. Sindano ikishuka inakuambia volti ni chache, haikuambii ni kwa nini.

Anza kwenye betri. Acha lori lilale usiku mzima, kisha asubuhi pima kila betri peke yake, ncha kwa ncha. Betri iliyojaa inasoma takriban volti 12.6. Ukikuta moja ina 12.6 na nyenzake ina 10.5, chumba kimoja cha hiyo ya pili kimekufa. Jumla yake ni volti 23.1, na sindano inaweza kukaa chini hata ungefunga oltaneta iliyotoka kiwandani jana.

Betri zikiwa sawa, washa injini, ipandishe kidogo juu ya sailensa (mwendo wa injini bila kukanyaga mafuta), upime sehemu mbili: nyuma ya oltaneta kwenye bolti inapotokea chaji, na kwenye betri zenyewe. Mfumo mzima ukiwa salama, kote utaona kati ya volti 27.5 na 28.5. Ukiona 28.2 kwenye oltaneta na 25.6 kwenye betri, oltaneta inazalisha vizuri kabisa ila umeme unapotelea njiani. Hapo fuatilia waya mnene, vichwa vyake, na ethi (njia ya hasi inayopitia chuma cha gari). Washa taa kubwa ili mfumo uwe na mzigo, halafu weka ncha moja ya mita kwenye bolti ya chaji na nyingine kwenye chanya ya betri. Ikivuka nusu volti, kuna mahali pamelika kutu. Rudia hivyo hivyo kati ya kasha la oltaneta na hasi ya betri.

Upande huu wa hasi ndio unaosumbua zaidi kwenye malori ya jeshi, na sababu yake ni rangi. Magari haya yamepakwa rangi juu ya rangi kwa miaka mingi, na wanaoyakarabati wanaongeza yao. Bolti ya ethi inafungwa juu ya rangi, inaonekana imekaza vizuri, kumbe chuma hakigusani na chuma. Fungua, kwangua mpaka chuma king'ae, paka grisi kidogo kuzuia kutu, funga tena. Nimeona lori likirudi kwenye volti 28 kwa kipande cha msasa tu.

Ikiwa volti hazipandi hata pale pale kwenye oltaneta, bado usishike spana. Oltaneta haianzi kuzalisha mpaka rota yake (sehemu ya ndani inayozunguka) ipate umeme kidogo wa kuifanya sumaku, na umeme huo unapitia waya mwembamba kutoka swichi ya dashibodi. (M35A2 haina ufunguo wa kuwashia, ina swichi tu.) Waya za jeshi zina vibati vidogo vya chuma vyenye namba, hivyo ukiwa na mchoro wa mfumo hutapotea. Washa swichi injini ikiwa imezimwa, kisha sogeza bisibisi kwenye kifuniko cha beringi ya nyuma. Kwenye aina nyingi utaisikia ikivutwa. Ikivutwa, rota inapata umeme, basi geukia daiodi (vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu) au kidhibiti volti. Isipovutwa, mara nyingi ama waya ule mwembamba hauleti kitu, ama kaboni zinazopeleka umeme kwenye rota zimeisha. Kaboni zikiisha zinabadilishwa, na oltaneta inaendelea na kazi.

"Chomoa betri injini inawaka, ikizima, oltaneta mbovu"

Hili ndilo lililoua oltaneta nyingi zilizokuwa hai, na ningependa life lenyewe. Lilitoka enzi za dainamo, mashine ya kuzalisha umeme iliyotangulia oltaneta. Baadhi ya M35A2 za mwanzo zilikuja na mashine ya aina hiyo, ya ampia 25, kabla ya kuja oltaneta ya ampia 60. Dainamo ina komuteta (pete ya shaba inayozunguka ikiguswa na kaboni) na kaboni zake, na fundi wa zamani aliweza kuifanyia mchezo huo ikanusurika.

Oltaneta ina daiodi na kidhibiti cha elektroniki. Betri ndiyo inayomeza mishtuko ya volti. Ukiichomoa ghafla wakati chaji inapita, umeme uliokuwa ukielekea huko unakosa pa kwenda, na kwa sekunde ndogo sana volti za mfumo wa 24 zinaweza kuruka kupita 100. Daiodi zinapasuka, kidhibiti kinaungua. Kwa hiyo anayepima kwa njia hii anaweza kupata jibu la "mbovu" akiwa yeye ndiye aliyeiharibu, dakika ile ile.

Hatari hiyo hiyo ipo kwa swichi za kukata betri ambazo wenye malori wanajifungia wenyewe kuzuia wizi. Injini ya lori hili inazimwa kwa kuvuta kebo, haizimwi kwa swichi. Vuta kebo kwanza, subiri injini isimame kabisa, ndipo ukate betri.

"Oltaneta ikifa lori limekufa"

Hapana. Pampu ya kunyunyizia mafuta inaendeshwa na injini yenyewe, hakuna plagi za kuwasha moto, breki zinategemea hewa na mafuta ya breki, na hata wipa zinaendeshwa kwa hewa. Pampu ya umeme iliyo ndani ya tangi inakula umeme kidogo. Mchana, betri zikiwa na chaji, utafika nyumbani. Usiku ni habari nyingine kwa sababu ya taa. La kuogopwa zaidi ni oltaneta inayochaji kupita kiasi: ukiona zaidi ya volti 29 na betri zinachemka na kunuka kama yai viza, zima mara moja, usilete cheche karibu.

"Redio ya volti 12? Ichukulie kwenye betri moja"

Madereva wa malori ya volti 24 Afrika Mashariki wanalijua hili vizuri, na wengi wanalifanya. Redio inalia, chaji ya simu inaingia, kila mtu anafurahi, na baada ya miezi kadhaa betri moja imekufa, wanalaumu oltaneta.

Oltaneta inaona jumla tu. Inatafuta volti 28 kati ya chanya ya mwisho na hasi ya mwisho, haijui zimegawanyikaje katikati. Ile betri unayoinyonya peke yake inashuka, nyingine inabaki imejaa. Ukipima wakati injini inawaka unaweza kukuta moja ina volti 12.8 na nyingine 15.2. Jumla ni 28 kamili, geji iko kijani, wakati betri moja inakufa kwa njaa na nyingine inapikwa. Ukibadilisha hiyo moja tu, betri mpya inaingia ndoa na chakavu na mambo yanarudi pale pale. Betri za volti 24 zinabadilishwa mbili kwa pamoja, za aina moja na umri mmoja. Na redio ifungiwe kigeuzi kinachoshusha 24 kuwa 12 kutoka betri zote mbili.

"Funga tu, itazijaza betri yenyewe"

Oltaneta imetengenezwa kurudisha kile stata (mota ya kuwashia injini) ilichotumia na kuhudumia mfumo. Betri zilizoisha chaji kabisa zinailazimisha kutoa karibu uwezo wake wote kwa muda mrefu, injini ikiwa sailensa na feni yake ikizunguka polepole. Inapata moto. Zichaji kwanza kwa chaja.

"Ukibadilisha, weka kubwa zaidi"

Ampia 60 kwa volti 28 ni karibu wati 1,700. M35A2 ya kawaida haizimalizi. Ukiweka ya ampia 100 au zaidi juu ya waya ule ule wa zamani na mikanda ile ile, ukaja mzigo mkubwa kweli, mikanda itateleza na waya utapata joto. Kama umefunga winchi ya umeme, sawa, lakini waya wa chaji unenepeshwe pia.

"Kubadilisha ni bolti tatu tu"

Toa hasi ya betri kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu spana iliyo kwenye chanya ikigusa chesisi inayeyuka mkononi mwako. Piga picha ya waya kabla ya kuzichomoa. Linganisha puli ya zamani na mpya: ikiwa imekaa milimita chache nje ya mstari, itatafuna mikanda. Panapokuwa na mikanda miwili inayofanya kazi pamoja, badilisha yote miwili, maana ukibadilisha mmoja, huo mpya utabeba mzigo wote peke yake. Usiikaze kupita kiasi, beringi ya mbele ndiyo itakayolipa. Kwangua rangi pale mabano yanapogusa injini.

Ukishawasha, pima tena kila betri peke yake taa zikiwa zimewaka. Kisha badili mita kwenda mkondo geu (AC), upime pale pale kwenye betri: ikisoma zaidi ya nusu volti, daiodi ya hiyo oltaneta uliyonunua ni mbovu, irudishe dukani ukiwa bado na risiti.